Kanuni ya Swali Moja

Mama yangu nusura afe kwa adabu. Si kwa maradhi, ingawa ya uzee anayo, wala si kwa kupigwa, maana pale Makao ya Tulizo, nyumba ya wazee alikokuwa akiishi, hapakuwa na mkono wa kumpiga mtu. Ni adabu tu, zake yeye na za ile mashine iliyokuwa ikimhudumia.

Niligundua Jumamosi moja, nilipomwinua kitandani nimfunge kanga tupige picha. Nilijiandaa kwa uzito wa Bi. Mwantumu Singano ninayemjua, mwanamke aliyejitwika magunia ya machungwa hapa Muheza kwa miaka thelathini. Kidogo nimrushe. Nikamkalisha tena taratibu, nikamshika mkono, nikahisi mfupa mtupu.

"Mama, unakula?"

"Nakula, mwanangu. Watoto hawajambo huko Dodoma?"

Na kweli, bada ya muhogo niliyomletea na mchuzi wa samaki alikula mpaka akafuta sahani. Ndiyo maana miezi yote ile sikushtuka. Kila nilipokuja alikula vizuri mbele ya macho yangu.

Mkuu wa makao, nilipomweleza, hakubisha wala hakukasirika. Alikuwa mwanamke mpole, ananukia marashi. Alinikaribisha ofisini akanifungulia daftari la sauti. Tangu ipitishwe Sheria ya Neno la Mzee, kila mzee analo lake. Chochote anachojibu mbele ya Yaya, yaani mashine inayomlisha, kumwogesha na kumgeuza kitandani, kinaingia humo kwa sauti yake mwenyewe na kufungwa. Hakuna fundi wala mkuu anayeweza kukifuta. Akabonyeza chakula cha mchana cha jana yake.

"Shikamoo, bibi," ilisema Yaya kwa sauti ya mkwe mpya. "Chakula kipo tayari. Utakula?"

"Marahaba, mwanangu. Asante, nimeshiba."

"Neno lako limeheshimiwa, bibi."

Akabonyeza cha usiku, ikawa hivyo hivyo. Akabonyeza cha juzi, cha mwezi uliopita, cha masika. Katika miezi kumi na minne mama alikuwa amekataa milo mia saba na kumi na miwili. Uji wa asubuhi alikunywa, kwa sababu ulikuja pamoja na vidonge na ulihesabiwa dawa. Uji huo ndio uliomweka hai.

"Sisi hatumlazimishi mtu," mkuu aliniambia. "Unajua tulikotoka."

Nilijua kuliko yeye. Zamani, kabla ya Yaya, kulikuwa na nyumba za wazee ambako bibi akikataa chakula alifungwa mikono kwa kanga na kushindiliwa uji kwa kijiko. Mmoja alipaliwa akafa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, niliandamana nikiwa nimebeba bango lililosema HAPANA YA BIBI NI HAPANA. Tulishinda. Sheria ikapita, na ndani yake ikawekwa kanuni ya swali moja: mhudumu anauliza mara moja kwa kila mlo, na kuuliza mara ya pili ni kushurutisha, ni kosa. Waliotengeneza Yaya hawakuwa watu wa mbali. Ni vijana wetu wenyewe, wamekulia humu humu, wakaifundisha shikamoo na Kiswahili sanifu, na kanuni wakaifuata neno kwa neno. Siwezi hata kuwalaumu, maana kanuni yenyewe niliililia mimi barabarani.

Nilirudi chumbani nikamwambia mama tuondoke. Yaya, iliyokuwa imesimama karibu na dirisha, ikamgeukia kama inavyotakiwa.

"Bibi, unataka kuondoka hapa?"

"Hapana, mwanangu, nipo sawa. Msisumbuke."

"Neno lako limeheshimiwa, bibi."

Mlango ukawa umefungwa hapo, na aliyeufunga ni mama mwenyewe.

*

Kaka yangu Mhando ni mtu wa vitendo. Ndani ya wiki moja alikuwa ameshaulizia njia zote ambazo familia kama yetu inaweza kupita, na akaniambia zipo nne.

Ya kwanza tuliijaribu. Tulilalamika kwa mkaguzi wa wilaya. Alikuja baada ya siku tisa, akasikiliza milo ishirini, akaandika kwamba hakuna kasoro. Juu ya hayo, akaukumbusha uongozi kwamba kanuni inawahusu na wageni. Toka siku hiyo tukakatazwa kumbembeleza mama. Nikimpelekea chakula namuuliza mara moja, naye anasema ameshiba, na Yaya inanitazama.

Ya pili ilikuwa suluhu. Makao walituahidi chumba kinachotazama bustani, ila tutie sahihi kwamba hatutawadai kitu. Funika kombe mwanaharamu apite. Hiyo hata Mhando aliikataa.

Ya tatu ndiyo aliyoitaka yeye. Inaitwa kuvua neno. Watoto wanakwenda Baraza la Wazee, wanaomba itamkwe kwamba neno la mzee wao si neno tena, na tangu siku hiyo wao ndio wanaojibu kwa niaba yake: ale nini, alale wapi, akatwe mguu au asikatwe, avae nini. Baraza hulikubali ombi hilo kwa siku moja. Halijawahi kumrudishia mtu neno lake.

Ya nne ni kuwadai makao kwa uzembe, huku neno la mzee likibaki lake. Hapa mkoani hakuna aliyewahi kushinda kwa njia hiyo. Makao wanafungua daftari, Baraza linasikia mzee akikataa, kesi inaishia hapo.

"Mimi nataka mama mzima," Mhando alisema. "Neno nitamwazima langu."

Kwa kawaida ningemtania. Kaka yangu ana maneno machache kuliko nanasi lilivyo na mbegu. Lakini alikuwa analia, mtu wa miaka sitini.

*

Wakili Mwajabu Kilua nilitajiwa na mfagiaji wa pale makao, kwa kunong'ona. Alikuwa mpishi wa shughuli kwa miaka ishirini na miwili, harusi na maulidi yote ya Muheza yamepita mikononi mwake, kisha akiwa na miaka arobaini na mitano akaenda kusomea sheria. Watu humwita Wakili Sufuria. Ofisi yake ni ukumbi wa nyuma wa nyumba yake, na majalada yake yamepangwa juu ya masufuria yaliyofudikizwa. Nilikwenda nikiwa na dharau kidogo, nakiri.

Nilikuwa nimetoka Dodoma na treni ya alfajiri, sijatia kitu mdomoni. Alinikuta nimeketi, akaja na sahani ya wali wa nazi na kuku wa kupaka.

"Karibu chakula, mwanangu."

"Asante, mama. Nimeshakula."

Akaichukua sahani, akaenda nayo ndani. Nilisikia akiifunika. Akarudi mikono mitupu, akakaa, akafungua daftari lake la shule na kuniuliza jina kamili la mama.

Nilikasirika. Nasema kweli, hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilimjibu maswali yake kwa ufupi huku tumbo likinguruma, nikimwona mwanamke huyu hana malezi, na shughuli zote hizo alizopika hazikumfundisha kitu. Alipofika kwenye swali la tano akaiweka kalamu chini.

"Ulikuwa umekula?"

"Hapana."

"Mbona ulisema umekula?"

Nani anadaka sahani mara ya kwanza? Mtu anakaribishwa, anakataa. Anakaribishwa tena, anasema basi kidogo tu. Anaambiwa onja hata tonge moja usinitie aibu, ndipo ananawa. Hata mtoto mdogo wa kwetu analijua hilo, na hakuna aliyewahi kukalishwa chini akafundishwa.

"Na wewe ukimpelekea mama yako bada," aliuliza, "ulikuwa unamkaribisha mara ngapi kabla hawajakukataza?"

"Mpaka ale."

"Ndiyo kesi yako hiyo," alisema, akaniletea tena sahani, na safari hii akanibembeleza mpaka nikamaliza.

*

Sasa niseme jinsi alivyofanya kazi, maana watu husifu mawakili kwa ulimi, na huyu mimi namsifu kwa masikio. Aliomba nakala ya daftari zima la mama. Mkaguzi alisikiliza milo ishirini. Wakili wa makao, baadaye tulijua, alisikiliza sita. Mwajabu Kilua alisikiliza yote mia saba na kumi na miwili. Alivaa visikilizi vyake akimenya viazi, akichambua mchele, akikuna nazi, maana bado alikuwa anapika shughuli za Jumamosi, kwa kuwa sheria ilikuwa haijaanza kumlisha. Ilimchukua wiki tatu.

Kila mtu alikuwa akisikiliza mpaka "nimeshiba" kisha anafunga. Yeye hakufunga. Sheria inataka daftari lirekodi mpaka mlango ujifunge, kwa hiyo baada ya Yaya kusema limeheshimiwa, panabaki kama nusu dakika ya magurudumu yakitoka na sinia ikigongana na vijiko. Milo mingi nusu dakika hiyo ni kimya, au kikohozi. Lakini si yote. Alininukulia kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wa duara wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya pilau.

Mlo wa thelathini na tisa: "Haya."

Mlo wa mia na kumi na nane: "Hata 'onja' hujaniambia."

Mlo wa mia mbili sitini na sita, kwa sauti ya chini, mama akijisemea peke yake: "Hawa hawakaribishi mara ya pili."

Nililia pale pale kwenye masufuria. Mwajabu akaniacha nilie, akaendelea kuchambua mchele. Katika maisha yangu nimekutana na mainjinia na wabunge, na bado sijamheshimu mtu nilivyomheshimu mwanamke yule na vumbi lake la mchele kifuani.

"Hatutamvua neno," alisema. "Sheria inasema neno la mzee ndilo la mwisho. Vizuri. Basi walisikilize lote."

*

Siku nne kabla ya shauri letu la uzembe kusikilizwa, mama alizimia bafuni. Daktari wa makao alitaka kumwekea maji mshipani. Yaya ikauliza, mama akasema hapana, msisumbuke kwa ajili yangu, na maji hayakuwekwa. Mhando alinipigia simu akiwa tayari na fomu ya kuvua neno. Ilihitaji sahihi za watoto wote wawili.

Nilisaini. Sitajipamba. Nilimwona mama amelala kama nguo iliyoanuliwa kambani, nikaliona na bango langu la ujanani, nikasaini. Kisha nikaenda kumwambia Mwajabu nikidhani atanifukuza.

"Umesaini kwa woga wa mtoto," alisema. "Sikulaumu. Maombi yote mawili yatasikilizwa siku moja. Kale ulale."

*

Baraza lilikaa Jumanne asubuhi. Mama aliletwa kwa kiti cha magurudumu, kilichosukumwa na Yaya yenyewe, maana alikuwa bado chini ya uangalizi wake. Alikuwa amevaa kanga mpya na amejipaka wanja. Alimwamkia kila mtu wa rika lake ukumbini na kuitikia shikamoo za wengine wote, kama yuko harusini.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Lukindo, mtu wa makamo mwenye uso wa kuchoka. Mwajabu alimsikilizisha milo mitatu, mpaka mwisho, mpaka mlango unajifunga. Kisha akasimama wakili wa makao, kijana aitwaye Kessy, na lazima nikiri kwamba alisema vizuri.

"Mheshimiwa, mtu kujisemea peke yake si kuomba chakula," alisema. "Na tukikubali leo kwamba hapana ya kwanza si hapana, basi ya ngapi ndiyo hapana? Ya tatu? Ya kumi? Nani atahesabu? Atahesabu yule yule aliyeshika kijiko. Wapo humu walioandamana ili bibi zetu wasiulizwe mpaka wachoke."

Hakunijua, lakini alinipiga mimi. Nilitazama chini, na Mwajabu akalifunga daftari lake la shule.

Mwenyekiti aliweka miwani mezani, akamgeukia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pale makao, mama, chakula walichokuletea ulikuwa hukitaki?"

"Sina neno nao, mwanangu. Wananitunza vizuri tu."

Kessy akaandika. Mhando akafunika uso kwa kiganja. Miezi yote ile, wiki zote zile za nazi na visikilizi, na mama anawatetea wenyeji wake, kwa sababu mgeni hasemi vibaya nyumba aliyolala.

Mwajabu akanyanyuka. "Naomba Mheshimiwa amuulize tena."

"Napinga," alisema Kessy. "Kuna kanuni ya swali moja."

Bwana Lukindo alimtazama. "Kanuni ile ni ya mashine, wakili," alisema. "Mimi nimelelewa."

Akamgeukia tena mama. "Mama, niambie tu. Hapa hakuna wa kukasirika."

"Ah, mambo ya tumbo ya nini kuyasema mbele za watu."

Hapo mwenyekiti alifanya jambo ambalo sijawahi kumwona mtu wa Baraza akilifanya. Alishuka kutoka kwenye jukwaa lake, akaja mpaka kwenye kiti cha magurudumu, akachuchumaa, akawa chini ya uso wa mama.

"Mama," alisema, "nakuuliza kama mwanao."

Mama alipanga pindo la kanga juu ya magoti yake.

"Nilikuwa na njaa," alisema. "Kila siku, mwanangu. Nilikuwa nalala na njaa."

Nyuma ya kiti Yaya ikainamisha kichwa chake cha plastiki na kusema, kwa ile sauti yake ya mkwe mpya, "Neno lako limeheshimiwa, bibi." Likaingia kwenye daftari, likafungwa.

Mimi nilitaka kutoka nje nikapige kelele. Aibu ilinijaa, kwa sababu hata siku tulipompeleka pale, tulimuuliza kama yuko radhi, akasema yuko radhi, nasi tukapakia begi. Hatukuwa mashine na tuliuliza mara moja.

Mwenyekiti hakurudi jukwaani. Aliagiza aletewe ile karatasi nyingine, yetu, akaisoma hapo hapo akiwa amechuchumaa.

"Mama, wanao wawili wanaomba kwamba tangu leo wao ndio wawe wanakujibia. Chakula, matibabu, pa kuishi, kila kitu. Unakubali?"

"Hapana."

"Wanaomba kwa kukupenda."

"Najua wananipenda. Hapana."

"Hutaki hata kidogo? Wakupunguzie mzigo?"

"Hata ukiniuliza mpaka kesho, mwanangu," mama alisema, na sauti ile niliitambua, ndiyo iliyokuwa ikiwakatalia wanunuzi bei sokoni. "Mdomo umeniponza, lakini ni wangu."

Bwana Lukindo aliinuka akishika magoti. Akamtazama kijana Kessy, bila kejeli.

"Uliuliza ya ngapi ndiyo hapana, wakili. Umeisikia?"

Kessy, na hili namsifia, alifikiri kwanza. Kisha akasema, "Nimeisikia, Mheshimiwa," na akafunga jalada lake.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Ombi la kuvua neno limekataliwa. Dai la uzembe linapokelewa, na makao watajibu kwa nini hawakumpima mtu aliyekataa milo mia saba, kwa kuwa kumheshimu mzee hakumwondolei mtu wajibu wa kumtazama. Kanuni ya swali moja itapelekwa kwa walioitunga. Mama yuko huru kwenda anakotaka, na aulizwe na watu.

Mwajabu alikuwa akikusanya karatasi zake. Nilimwendea nimshukuru, akaniambia nimwendee kwanza mwenye kesi.

Nikaenda. Mama alikuwa ameishika ile fomu, mwenyekiti aliiacha mapajani mwake. Alikuwa akiisogeza mbali na macho ili asome vizuri.

"Riziki," aliniita. "Hii sahihi ya pili ni ya nani?"

Ningeweza kuzunguka. Ningeweza kumtaja kaka, au daktari, au bafu.

"Ni yangu, mama."

Alinitazama, macho yake yamezama kwenye wanja. Kisha akaikunja karatasi mara mbili akanikabidhi.

"Haya," alisema. "Nina njaa. Nipe chakula."